Bekho ya trekta dogo: fremu au pointi tatu, oili ya trekta au pampu ya PTO

Bekho, yaani mkono wa kuchimbia wenye ndoo, ikishafungwa nyuma ya trekta dogo la nguvu za farasi 20 hadi 50, kazi yote hutegemea mambo mawili yaliyoamuliwa kabla ya mfereji wa kwanza kuchimbwa: imeshikwa na nini, na oili inaipata wapi. Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza inachimba kina gani. Swali hilo ni halali, ila bekho mbili zenye kina kilekile cha mita 2 zinaweza kuachana mbali. Moja itadumu miaka mingi bila kuliumiza trekta, na nyingine itapasua ganda la giaboksi mapema. Kinachozitofautisha ni pini, fremu na mipira ya haidroli.

Inashikwa na nini

Bekho ya pointi tatu hufungwa palepale linapofungwa jembe: mikono miwili ya chini na linki ya juu. Mvuto wake unaeleweka. Trekta halihitaji kipande chochote cha ziada, kufunga na kufungua ni kwa dakika chache, na bekho inahama kutoka trekta moja hadi jingine alimradi yote ni ya kategoria ya 1, yaani pini za mm 22 chini na mm 19 juu.

Kasoro iko kwenye namna pointi tatu inavyofanya kazi. Kwenye matrekta mengi, haidroli ya nyuma hunyanyua tu, haikandamizi. Kushuka kwa mikono ya chini hutegemea uzito wa kifaa. Kwa hiyo mikono hiyo ikisukumwa kutoka chini hupanda yenyewe bila kizuizi. Jembe halileti shida kwa sababu uzito wake na mvuto wa udongo huliweka chini. Bekho hufanya kinyume. Ukikandamiza ndoo kwenye udongo mgumu, udongo huisukuma juu, kisha mashine nzima hunyanyuka na kukunjikia mbele, kuelekea trekta. Mwendeshaji ameketi katikati ya vitu hivyo viwili. Watu wamebanwa kati ya bekho na fremu ya kinga dhidi ya kupinduka kwa njia hii, na hakuna muda wa kuruka.

Tazama pia nguvu inayopita kwenye linki ya juu. Chukulia ndoo inavuta kwa kN 10 (kama tani 1) ikiwa mita 1.5 chini ya pini za chini. Hiyo ni kNm 15 za kupindua. Umbali kati ya pini za chini na ya juu kwenye kategoria ya 1 ni karibu mm 460, hivyo linki ya juu inabanwa kwa karibu kN 33, yaani zaidi ya tani 3. Miguu ya kuegemea hupunguza kiasi fulani ikiwa imekita vizuri, lakini mshtuko wa ndoo kugonga jiwe huongeza. Nguvu hiyo yote huingia kwenye tundu moja la pini lililo kwenye ganda la giaboksi.

Na trekta dogo kwa kawaida halina chasisi. Injini, ganda la klachi na giaboksi vimefungwa kimoja kwa kingine kwa bolti, na vyenyewe ndivyo uti wa mgongo. Maganda hayo ni chuma cha kumimina, ambacho huvumilia kubanwa lakini hupasuka kikipindwa na kushtuliwa mara kwa mara. Dalili ya kwanza huwa ndogo: unyevu wa oili kwenye maungio ya ganda la klachi, au bolti za pale zikikutwa zimelegea. Anayeona dalili hiyo aache kuchimba siku hiyohiyo. Baadaye ni ufa, na ufa kwenye ganda la giaboksi maana yake ni kulitenganisha trekta vipande viwili.

Fremu ya chini hupeleka nguvu mahali pengine. Ni vyuma viwili vizito vinavyopita chini ya trekta, vikiwa vimefungwa mbele kwenye mabano ya loda (mikono yenye ndoo ya kubebea iliyo mbele ya trekta) na nyuma kwenye ekseli. Bekho hukaa juu yake kwa ndoano au pini nne. Ndoo ikivuta, mvuto hugawanyika hadi mbele ya trekta, na giaboksi haibebi mzigo wa kupindwa. Bekho haiwezi kunyanyuka na kukunjika kwa sababu imeshikwa juu na chini. Faida nyingine ni kwamba hukaa karibu zaidi na ekseli ya nyuma, kwa hiyo uzito wake hauliinui sana trekta upande wa mbele.

Hasara zake pia zipo. Fremu ya modeli moja haiingii kwenye nyingine, hata kama matrekta yanafanana kwa macho. Nafasi kati ya trekta na ardhi hupungua. Mashine ya kukata nyasi inayofungwa chini ya tumbo la trekta mara nyingi haiwezi kukaa pamoja nayo. Na baadhi ya fremu huziba plagi ya kumwagia oili au kufunika filta. Tambaa chini ya trekta uangalie kabla ya kulipa, si siku ya kubadilisha oili.

Kuna njia ya katikati: bekho ya pointi tatu iliyoongezewa vyuma vigumu. Linki ya juu huondolewa na kuwekwa mihimili miwili isiyokunjika, na mikono ya chini hufungwa kwa vyuma vinavyoizuia kupanda. Hatari ya kukunjika hupungua sana. Mzigo kwenye ganda la giaboksi, hata hivyo, unabaki palepale.

| | Pointi tatu | Pointi tatu yenye vyuma vya kuzuia | Fremu ya chini |
|---|---|---|---|
| Nguvu inaishia wapi | Ganda la giaboksi | Ganda la giaboksi | Ekseli na mabano ya loda |
| Kukunjikia mbele | Inawezekana | Ni nadra vyuma vikiwa vimekazwa | Hapana |
| Kuhamia trekta jingine | Rahisi | Wastani | Lazima kununua fremu nyingine |
| Udongo mgumu, mawe, visiki | Usijaribu | Kwa uangalifu mkubwa | Ndiyo |
| Nafasi chini ya trekta | Haibadiliki | Haibadiliki | Hupungua |

Kwa yeyote anayekusudia kuchimba mara kwa mara, fremu ndiyo jibu, na hapa hakuna haja ya kuzungukazunguka. Pointi tatu iachiwe bekho nyepesi, udongo laini, mashimo ya miti na mifereji mifupi, tena iwe na vyuma vya kuzuia mikono kupanda. Ya linki tupu isiyo na kizuizi chochote isifungwe kabisa.

Oili inatoka wapi

Kwanza hesabu ya haraka inayosaidia kulinganisha. Nguvu ya haidroli kwa kilowati ni presha (bar) mara mtiririko (lita kwa dakika), gawanya kwa 600. Bar 170 na lita 30 kwa dakika ni kW 8.5. Ukihesabu upotevu kwenye pampu, injini inatoa karibu kW 10, sawa na nguvu za farasi 13. Trekta la farasi 25 linaiweza kazi hiyo bila kuhema. Presha ndiyo inayoleta nguvu ya ndoo. Mtiririko huleta kasi. Bekho ikiwa na nguvu lakini inajikokota, tafuta upungufu wa mtiririko. Ikienda kasi hewani na kusimama ndani ya udongo, angalia presha.

Njia ya kwanza ni kuchukua oili kwenye saketi kuu ya trekta, kwenye tundu la kupitishia mbele lililo baada ya valvu ya loda. Oili hutoka kwenye pampu, hupita loda, huenda bekho, hurudi kwenye haidroli ya pointi tatu, kisha tangini. Hii ndiyo njia safi zaidi kwa matrekta yenye saketi iliyo wazi katikati, yaani oili huzunguka muda wote hata leva zisipoguswa, ambayo ni mengi ya matrekta madogo. Hakuna pampu ya ziada, hakuna tangi la pili, na mtiririko wote wa pampu unapatikana, kwa kawaida lita 20 hadi 40 kwa dakika.

Sharti lake moja halisameheki. Bekho ikitolewa, mpira wa kupeleka na wa kurudisha lazima viunganishwe kimoja kwa kingine kabla ya kuwasha injini. Viunganishi vya haraka vikiachwa wazi hujifunga, na oili inayosukumwa na pampu hukosa pa kwenda. Kwenye trekta ambalo valvu ya kupunguza presha iko kabla ya tundu hilo, utasikia mlio mkali na oili itapata joto haraka. Isipokuwepo hapo, pampu au mpira hupasuka ndani ya sekunde. Mtu akilalamika kwamba pointi tatu imegoma kunyanyua tangu bekho itolewe, mara nyingi ni mduara huu haukufungwa.

Njia ya pili ni matundu ya haidroli ya nyuma yanayoendeshwa kwa leva ya trekta. Inavutia kwa sababu tayari yapo, lakini kwa bekho ni njia dhaifu kuliko zote tatu. Leva lazima ifungwe ibaki mbele muda wote. Ikirudi yenyewe, bekho inazimika mkono ukiwa hewani. Njia za ndani za valvu hiyo ni nyembamba, hivyo oili hupata joto. Hatari kubwa zaidi ni leva kusukumwa upande usio wake. Presha huingia kupitia mlango wa kurudishia wa valvu ya bekho, mlango ambao haukutengenezwa kubeba presha, na hapo sili hutoka au mwili wa valvu hupasuka. Kama hakuna budi, mpira wa kurudisha uende moja kwa moja tangini bila kupita kwenye leva, na kituo cha nyuma cha leva kizuiwe kwa chuma.

Njia ya tatu ni pampu ya PTO, yaani shafti inayotoa nguvu ya injini nyuma ya trekta. Bekho huwa na tangi lake, filta yake na pampu inayokaa kwenye shafti ya PTO ya mzunguko 540 kwa dakika. Ili kupata lita 30 kwa dakika kwa kasi hiyo, pampu inahitaji sm³ 56 kwa kila mzunguko, au pampu ndogo iliyowekewa gia ya kuongeza kasi. Tangi liwe angalau lita 30 hadi 45, yaani mtiririko wa dakika moja hadi moja na nusu. Dogo zaidi ya hapo huchemsha oili mchana wa jua.

Ubora wake mkubwa ni utengano. Matrekta madogo mengi hutumia oili moja kwa giaboksi, breki za ndani na haidroli. Mchanga unaoingia kupitia kiunganishi kichafu cha bekho unaishia kwenye giaboksi ya haidrostati (inayoendesha magurudumu kwa oili), ambayo ni miongoni mwa vipande ghali kuliko vyote katika trekta. Kwa pampu ya PTO, uchafu wa bekho unabaki kwenye bekho. Pia ndiyo njia pekee ya busara kama trekta ni la zamani lenye mtiririko wa lita 15 tu, au kama bekho itazungushwa kati ya matrekta kadhaa.

Gharama yake ni matunzo maradufu, kelele, na swichi ya kiti. Matrekta mengi huzima injini PTO ikiwa imewashwa na mtu akanyanyuka kitini, na mwendeshaji wa bekho hukaa kiti kingine. Trekta lenye hali ya kutumia PTO likiwa limesimama hutatua jambo hilo kihalali. Lisilo nayo haliifai njia hii. Kuunganisha nyaya za swichi ili kuidanganya kunaondoa kinga siku zote, hata siku ambayo bekho haipo na shafti iliyo wazi inazunguka nyuma.

Kwa ufupi wa kuchagua: trekta lenye tundu la kupitishia mbele na pampu ya lita 25 kwenda juu litumie saketi yake. Lenye pampu dhaifu, au bekho ya kushirikiana, litumie PTO. Leva ya nyuma iwe kimbilio la mwisho.

Kufunga bekho ya fremu

Fremu yenyewe hufungwa mara moja. Safisha rangi na kutu mahali inapogusana na trekta, kwa sababu rangi nene hubonyea baadaye na bolti hulegea. Kaza bolti zote kwa mkono kwanza, hakikisha fremu imekaa mraba, kisha kaza kwa spana ya kupimia. Bolti kavu ya M16 ya daraja 8.8 huchukua karibu Nm 210, ya 10.9 karibu Nm 300. Kitabu cha fremu kikisema namba nyingine, hiyo ndiyo ya kufuata. Rudia kukaza baada ya saa 5 hadi 10 za kuchimba. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na matundu ya bolti yaliyopanuka kuwa mviringo wa yai ni matokeo yake.

Kuipandisha bekho yenyewe ni kazi ya kila mara, na ardhi iliyo sawa na ngumu ni nusu ya kazi:

1. Toa au funga juu mikono ya chini ya pointi tatu, toa linki ya juu, na toa upau wa kuvutia kama unagusa. Ndoo ya loda iwe tupu, karibu na ardhi.
2. Rudisha trekta polepole kwa mstari ulionyooka hadi ndoano za bekho ziwe sentimita chache nyuma ya viti vyake kwenye fremu. Breki ya kuegesha, injini zima.
3. Futa viunganishi kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha unganisha mipira. Mmoja uwe na kiunganishi dume na mwingine jike ili visibadilishane. Bana kila kimoja mpaka kilie, kisha kivute kuhakikisha kimeshika; kilichoshika nusu huziba oili kama kilichofungwa.
4. Washa injini kwa kasi ya chini. Kwa miguu ya kuegemea pandisha au shusha bekho, na kwa mkono mkubwa uiinamishe, hadi ndoano ziingie kwenye viti. Leva ziguswe taratibu sana. Asiwepo mtu yeyote kati ya tairi na bekho, wala mkono kwenye tundu la pini. Tumia nondo kuangalia kama matundu yamelingana.
5. Weka pini zote na vizuizi vyake. Zitikise. Pini inayoingia kwa kugongwa kwa nyundo inaonyesha bekho haijakaa sawa.
6. Endesha kila silinda mwendo wake wote mara 3 hadi 5 kwa kasi ya chini kutoa hewa. Mara ya kwanza kabisa silinda hunywa lita kadhaa. Pima oili ya trekta na ujazie.
7. Kunja mkono, weka pini ya kufunga mkono mkubwa na pini ya kuzuia kuzunguka kabla ya kuendesha.

Bekho yenye kilo 300 hadi 600 nyuma huondoa uzito magurudumu ya mbele, na usukani huanza kuelea. Loda iliyofungwa mbele hutosha mara nyingi. Bila loda, uzito wa mbele ni lazima. Jaza upepo tairi za nyuma hadi kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye tairi.

Wakati wa kuchimba, ndoo ya loda ikandamizwe chini, miguu ishushwe hadi tairi za nyuma zibaki zikigusa ardhi kidogo tu, na injini iwe kwenye mzunguko 1,500 hadi 2,000 kwa saketi ya trekta. Kuongeza zaidi huleta joto kuliko kasi. Mkono usizungushwe kugonga ukingo wa mfereji ili kusawazisha udongo. Silinda za kuzungusha ni ndogo, nguzo inayozunguka ndiyo yenye mkazo mkubwa, na weldi zake hupasuka hapo kwanza.

Bekho ya pointi tatu ina hadithi fupi zaidi: kagua kila siku kama pini imepinda, hakikisha vyuma vya kuzuia kupanda vimekazwa, na usichimbe kwa kina kamili. Shafti ya pampu ya PTO ipakwe grisi kila inapofungwa, kwa maana meno yakikauka hulana hadi pampu icheze. Mnyororo unaoizuia pampu isizunguke uachwe na ulegevu kidogo. Pampu iliyofungwa kigumu hailingani na shafti, na sili ya mbele huvuja baada ya muda mfupi.

Matunzo, na nini huharibika kwanza

Pini na bushi huisha kabla ya kitu kingine. Grisi kila saa 8 hadi 10 za kazi, kila nipeli, bila kuruka hata moja. Tumia grisi ya lithiamu ya NLGI 2 yenye molibdeni. Pampu mpaka grisi mpya itokeze ukingoni, kwa sababu hiyo hutoa mchanga nje. Nipeli isiyopokea grisi haijashiba. Imeziba, na bushi yake inasagwa. Itoe, zibua njia kwa waya, weka mpya. Pini ya nguzo inayozunguka iwe ya kwanza kwenye mzunguko wako. Kwa ndoo, shika meno uyatikise kushoto na kulia. Pengo linaloonekana kwa macho kwenye bushi linatosha kuagiza nyingine, maana pini inayocheza hula pia tundu la chuma, na kulirudisha tundu kunahitaji weldi na mashine ya kuchongea.

Oili: tangi la bekho ya PTO hutaka oili ya haidroli ya ISO VG 46 sehemu nyingi, VG 32 kwenye baridi kali, VG 68 kwenye joto kali. Saketi ya trekta hutaka oili ya giaboksi na haidroli iliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta, na VG 46 haichukui nafasi yake, kwa sababu breki na klachi za ndani zimo humohumo. Usichanganye. Filta ya kwanza baada ya saa 50, kwa kuwa mashine mpya hutoa vumbi la chuma. Kisha kila saa 200 hadi 250. Kipimo cha oili kisomwe mkono ukiwa umekunjwa kama wa kusafiri na miguu imepanda.

Sauti na rangi ya oili hueleza mengi. Povu na mlio wa pampu ni hewa inayoingia upande wa kuvuta: kibano kilicholegea, mpira wa kuvuta uliobonyea, au oili pungufu. Rangi ya maziwa ni maji. Oili inayozidi nyuzi joto 80 hupoteza unene na kuchoma sili. Sababu za kawaida ni valvu ya kupunguza presha kukaa wazi kwa sababu mtu anashikilia leva silinda ikiwa imefika mwisho, au kiunganishi kisichofunguka vizuri.

Mipira ikaguliwe mahali inaposuguana na pale inapokunjika. Ukiona nyuzi za chuma, umekwisha. Uvujaji mdogo utafutwe kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa mkono. Bar 170 hupenyeza oili chini ya ngozi kupitia tundu lisiloonekana, na jeraha linalofanana na kuchomwa sindano ni dharura ya upasuaji saa hiyohiyo, hata kama haliumi.

Mkono ukishuka wenyewe, kosa liko sehemu mbili: sili ya pistoni au valvu. Kabla ya kununua sili, jaribu hivi. Shusha kila kitu ardhini, zima, sogeza leva kumaliza presha. Nyoosha silinda inayoshukiwa hadi mwisho, zima tena na umalize presha, toa mpira wa upande wa fimbo na uuzibe kwa plagi. Washa kwa kasi ya chini, ukiwa mbali na tundu lililo wazi, na sukuma leva kidogo uendelee kunyoosha. Oili ikitiririka mfululizo kutoka tundu hilo, sili ya pistoni imekwisha. Ikidondoka kidogo kisha ikakauka, silinda ni nzima na valvu ndiyo inayovuja. Kwa mguu wa kuegemea, usisubiri kipimo: mguu unaojikunja wakati wa kuchimba huiinamisha mashine nzima upande mmoja.

Fimbo zilizo na vishimo vya kutu hukata sili mpya kwa siku chache, hivyo kubadilisha sili peke yake ni kupoteza pesa. Meno ya ndoo yaliyokuwa butu huongeza mzigo kwa kila kitu kilichotajwa hapo juu. Yageuze au yabadilishe mapema.

Kuitoa bekho, ishushe kwenye ardhi ngumu au mbao nene, miguu imekita, ndoo imekunjwa na kulala. Toa pini za kufunga, tumia miguu na mkono kuinua ndoano kidogo tu kutoka kwenye viti. Zima injini, sogeza leva zote kila upande kumaliza presha, ndipo utoe mipira. Funga mduara wa trekta, weka vifuniko vya vumbi, sogeza trekta mbele. Fimbo zilizobaki nje zipakwe grisi. Mipira iwekwe kivulini: jua hupanua oili iliyofungiwa ndani, presha hupanda, na viunganishi hukataa kuingia siku ya kufunga tena. Vikikataa, sogeza leva za bekho kila upande kwanza. Vikiendelea kukataa, funika nati ya mpira kwa kitambaa kinene na uilegeze robo mzunguko kwa spana hadi presha iishe, kisha ukaze.